Nthimo za Suleimani, nthimo za susu

Mzee alikuwa ameketi mbele ya duka la mbegu na dawa za mifugo, sokoni Kabati, kitabu kimefunguka juu ya magoti. Nilimwamkia kwa Kikamba changu kinachochechemea, naye akanisogezea nafasi kwenye benchi. Nilikuwa nimeshuka matatu ya kutoka Kitui mjini, haja yangu ikiwa kutafuta mahali pa juu nitazame kaskazini-magharibi kabla wingu halijaufunika upeo. Kitabu kile kilinikalisha. Kilikuwa Biblia ya Kikamba, na juu ya ukurasa palikuwa na neno moja: Nthimo.

"Umau, unasoma Mithali?" nikamwuliza.

"Nasoma nthimo," akanisahihisha. Akageuza kurasa mbili tatu, kisha akanitupia swali ambalo nimetembea nalo tangu siku ile. "Mwana wakwa, wewe umesoma. Huyu Suleimani alikaa na susu wa nani?"

Susu, kwa Kikamba, ni bibi, na umau ni babu. Nthimo ni zile kauli fupi ambazo kila mtoto wa Ukambani alizisikia kwa susu wake, jioni, chungu cha muthokoi kikiwa motoni. Waliotafsiri Biblia walipofika kwenye kitabu cha hekima ya Israeli ya kale hawakuunda jina jipya. Walichukua lilelile la mekoni. Kwa hiyo swali la mzee halikuwa mzaha. Kama zile ni nthimo na hizi ni nthimo, basi nyuma ya Suleimani yuko susu fulani, na huyo susu hana budi kuwa na kwao.

Nilikuwa nimekuja kufuata nyayo za Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyekanyaga Kitui mwaka 1849. Ramani yangu ilikuwa na mito, vilima na tarehe. Baada ya swali lile ilibidi niichore upya, kwa sababu nyayo za Krapf, ukizifuata nyuma na mbele, zinakupitisha hasa pale mzee alipokuwa anauliza: katika njia ambayo ushairi na hekima ya Waebrania viliipita hadi vikafika kwenye benchi la Kabati.

Safari ya kutafuta mlima

Krapf alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, kijiji kilichopakana na mji wa chuo kikuu wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Alitua Mombasa mwaka 1844 akitumwa na Church Missionary Society ya Uingereza. Mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na mwanachuoni Mwislamu wa pale mjini. Sura za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki.

Kikamba alikijulia Rabai, karibu na Mombasa. Misafara ya Akamba ilikuwa ikishusha pembe za ndovu pwani, na jamaa zao kadhaa walikuwa wamelowea huko. Novemba 1849 Krapf akapanda bara pamoja na wapagazi, akakata nyika ya Tsavo, akavuka uwanda wa Yatta, akafika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Akamba ambaye misafara yake ilijulikana pwani yote. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, mawingu yalifunguka akaona pembe mbili nyeupe za mlima ambao wenyeji walimtajia kwa jina aliloliandika Kegnia. London walimcheka: theluji kwenye ikweta? Mlima ukabaki mahali pake, na jina lake baadaye likawa la nchi nzima.

Alirudi mwaka 1851. Agosti mwaka huo alifuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Barabara ya lami inayotoka Kitui, ikapita Kabati na Migwani hadi Mwingi, inaelekea upande huo wa Tana, na ukiwa ndani ya matatu huchoki kuchungulia dirishani: vichaka vya miiba, mchanga mwekundu, mikondo ya maji iliyokauka. Karibu na Tana msafara ulishambuliwa. Kivoi akauawa, watu wakatawanyika, na Krapf akabaki peke yake porini. Alipoufikia mto hakuwa na kibuyu. Akajaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani na vipande vya nguo yake. Akawa anatembea usiku na kujificha mchana. Aliporudi kwa jamaa za Kivoi akakuta analaumiwa kwa kifo cha mwenyeji wake, akatoroka usiku, na Septemba akaingia Rabai akiwa hoi.

Habari hizi zimeandikwa mara nyingi. Lisilosemwa sana ni mzigo ambao mtu huyu alikuwa ameutanguliza Ulaya kabla hajaiona Mombasa.

Kitabu kilichopoteza lugha yake

Kabla ya kuja kwetu, Krapf alikaa Uhabeshi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1830 hadi mwaka 1842, sehemu kubwa katika ufalme wa Shoa. Huko alijifunza Kiamhari na Gezi, lugha ya kale ya ibada. Alipata pia miswada ya Gezi, akaipeleka Tübingen, mji wa nyumbani. Mtaalamu Heinrich Ewald aliiandikia taarifa mwaka 1844. Kati ya miswada hiyo kulikuwa na kitabu ambacho Ulaya ilikijua kwa vipande tu: Kitabu cha Yubile.

Yubile kiliandikwa kwa Kiebrania katika karne ya 2 kabla ya Kristo, baada ya sehemu kubwa ya Agano la Kale kuwa tayari. Ni Mwanzo na sura za kwanza za Kutoka vikisimuliwa upya: malaika anamsomea Musa mlimani Sinai historia ya dunia, imekatwa katika vipindi vya miaka 49, kwa kalenda ya siku 364. Kitabu kilisomwa, kikatafsiriwa kwa Kigiriki, na kutoka Kigiriki kikaingia Gezi. Kisha Kiebrania chake kikapotea. Kigiriki kikapotea pia, vikabaki vijipande katika maandishi ya watu wengine. Kilatini kiliokoa sehemu. Kitabu kizima kilibaki mahali pamoja tu, mikononi mwa makasisi wa Uhabeshi waliokinakili kwa wino na ngozi, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu kwao kilikuwa Maandiko kama Zaburi zilivyokuwa Maandiko. Biblia ya Kanisa la Uhabeshi huhesabiwa kuwa na vitabu 81. Yubile kimo, na Henoko kimo. Henoko ni yule ambaye Waraka wa Yuda unamtaja, na ambaye nakala zake zilifikishwa Ulaya na Mskoti James Bruce mwaka 1773.

August Dillmann, kijana aliyesomea Tübingen kwa Ewald, alikaa na nakala ile iliyotoka kwa Krapf akaitafsiri kwa Kijerumani. Tafsiri ilitoka kwa sehemu mbili, mwaka 1850 na 1851. Weka tarehe hizo sambamba na zile za Kitui. Wakati Krapf amejilaza kichakani karibu na Tana, maji ya kunywa yakiwa kwenye mtutu wa bunduki, Ulaya ilikuwa inasoma kwa mara ya kwanza, kikiwa kizima, kitabu cha Kiyahudi ambacho yeye alikuwa amekipitisha.

Miaka karibu 100 baadaye, kuanzia 1947, mapango ya Qumran kando ya Bahari ya Chumvi yalitoa magombo ya ngozi. Mlikuwa na Zaburi kwa wingi, na mlikuwa na Yubile kwa Kiebrania chake, vipande vya nakala zipatazo 14 au 15. Wataalamu walivilinganisha na Gezi. Makasisi wa Uhabeshi hawakuwa wamekiharibu kitabu. Walikuwa wamekitunza kwa uaminifu uliowashangaza waliokuwa na shaka.

Yoshua bin Sira naye alipita njia ya namna hiyo. Aliandika hekima yake Yerusalemu kwa Kiebrania yapata mwaka 180 kabla ya Kristo, na mjukuu wake akaitafsiri kwa Kigiriki huko Misri. Kiebrania kikatoweka kwa karne nyingi hadi mwaka 1896, pale ndugu mapacha Agnes Lewis na Margaret Gibson walipomwonyesha Solomon Schechter, mwalimu wa Cambridge, karatasi waliyoinunua safarini Mashariki. Schechter akaufuata mkondo hadi kwenye stoo ya karatasi kuukuu ya sinagogi la Kairo. Ukitaka kuona matokeo ya historia hii, tembea Kabati Jumapili. Mkatoliki anayeelekea misa ana Yoshua bin Sira ndani ya Biblia yake. Jirani yake wa Africa Inland Church hana. Wamezaliwa kijiji kimoja, wanateka maji kisima kimoja, lakini maktaba zao za hekima hazilingani, na sababu yake ilianza katika mabishano ya walimu wa dini yaliyotangulia kanisa la kwanza la Ukambani kwa karne nyingi.

Mashairi yasiyo na vina

Mwaka 1850 Krapf mwenyewe alikuwa Ulaya kwa muda, na Tübingen ikachapa kitabu chake kidogo, Evangelio ta Yunaolete Malkosi. Ni Injili ya Marko kwa Kikamba. Msomaji wa leo wa Kitui atakuna kichwa mbele ya jina hilo, maana Kikamba cha Krapf kilikuwa cha kusikia Rabai na safarini, na tahajia ilikuwa yake. Lakini ndicho kitabu cha kwanza cha Biblia katika lugha hii.

Alianza na masimulizi. Ushairi ulisubiri. Walutheri wa Leipzig walishika Ikutha mwanzoni mwa miaka ya 1890 na Mulango mwaka 1899; Africa Inland Mission ya Peter Cameron Scott ilianza Nzaui, Makueni ya leo, mwaka 1895. Agano Jipya kamili la Kikamba lilitoka mwaka 1920. Biblia nzima, yenye Savuli (Zaburi), Yovu (Ayubu) na Nthimo, ilitoka mwaka 1956, yaani miaka 106 baada ya Marko wa Krapf.

Ungetarajia ushairi uwe ndio sehemu ngumu kuhamisha. Ushairi wetu wa pwani ukiuondolea vina na mizani, umeuchuna ngozi. Wa Kiebrania umejengwa vingine. Robert Lowth, aliyekuwa profesa wa ushairi Oxford, alichapisha mihadhara yake kwa Kilatini mwaka 1753 akaonyesha kwamba mhimili wake ni usambamba: kauli inasemwa, kisha pacha wake anakuja kuikariri kwa maneno mengine, au kuipinga, au kuisogeza mbele hatua moja. Tuseme mshairi wa namna hiyo angeketi Kabati. Angeimba kwamba mvua imevikumbuka vilima vya Mutonguni, manyunyu hayakuvisahau vibonde vyake. Au angesema mwenye subira huvuna mtama, mwenye pupa huvuna mabua. Kinacholingana hapo ni maana, na maana hubebeka. Ndiyo maana Zaburi zimeweza kuvuka Kigiriki, Gezi, Kilatini, Kiswahili na Kikamba zikiwa bado zinapumua.

Kuna vilivyomwagika njiani, bila shaka. Zaburi ya 119 ina beti 22, kila moja imepewa herufi yake ya alfabeti ya Kiebrania na mistari 8 inayoanza kwa herufi hiyo, jumla 176. Sifa za mke mwema mwishoni mwa Mithali zina mistari 22 kwa mpango uleule. Katika tafsiri huoni chochote. Msomaji wa Dura Mandhuma, shairi la Kiswahili ambalo beti zake zinafuata herufi za Kiarabu, ataelewa mara moja hasara iliyopatikana. Maombolezo nayo yana mwendo wake: mapigo matatu, kisha mawili, kama mtu anayeburuta mguu nyuma ya jeneza.

Kiswahili, bila kujua, kinatembea na mifupa ya ukoo wa Kiebrania mdomoni. Methali kwa Kiebrania ni mashal. Kwa Kiarabu, mathal. Nasi tukapata methali na mithali. Hekima yetu ni hikma ya Waarabu na hokhma ya Waebrania. Nafsi ni nefesh, damu ni dam, roho ni ruah, baraka ni berakha. Lugha za Kisemiti zimetufikia kwa jahazi muda mrefu kabla ya kufika kwa mabegi ya wamisionari.

Kikamba hakina undugu huo wa maneno. Kina undugu wa mazoea. Nthimo husema Kyaa kimwe kiyuaa ndaa, kidole kimoja hakivunji chawa, na aliyeisikia hahitaji kuambiwa kwamba mada si chawa. Ndai, kitendawili, huanza kwa mwito, Kwata ndai, na jibu Nakwata. Anayejibu amekubali mkataba: kuanzia hapo nyumba inaweza kuwa yai. Mtoto aliyelelewa hivyo amefundishwa, kabla hajajua kusoma, kwamba maneno yana sakafu ya pili chini ya ile anayoikanyaga.

Mtoto wa Mulango

Ndiyo maana nilipotoka Kabati nilirudi Kitui nikaendelea hadi Mulango. Wajerumani waliondolewa hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na Africa Inland Mission ikachukua kituo. Hapo Mulango, tarehe 30 Novemba 1931, alizaliwa John Samuel Mbiti, mtoto wa wakulima. Alisoma Alliance, akaenda Makerere, akaenda Marekani, na mwaka 1963 akapata shahada ya uzamivu Cambridge. Dunia inamjua kwa kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Kwa swali la mzee wa Kabati, kitabu kinachohitajika ni kile kilichotokana na tasnifu yake ya Cambridge, kilichochapishwa mwaka 1971.

Humo Mbiti aliwachunguza Wakristo wa kwao Ukambani akauliza: mnapoimba na kuhubiri kuhusu mwisho wa dunia, mnasikia nini? Alichukua picha moja moja: moto, hazina, mji, nchi, machozi, mbingu. Ni picha zilizolelewa katika ushairi wa manabii na Zaburi, zikakolezwa na maandishi ya Kiyahudi ya baadaye, yale ya jamii ya Henoko na Yubile, kisha zikaingia Agano Jipya. Aliyezoea maandishi hayo alijua kuzisoma kama mtu anavyosikia ndai. Mbiti alikuta kwamba Ukambani zilihubiriwa na kupokewa kama taarifa: moto ni moto, mji una barabara, machozi yatafutwa kama yanavyofutwa kwa leso. Maneno yalikuwa yametafsiriwa. Namna ya kuyasoma haikutafsiriwa.

Hapo ndipo historia inapouma. Watu waliosoma ushairi kama taarifa ni walewale waliokuwa na ndai, nthimo, ngewa (hadithi) na nyimbo. Haikuwa kwamba hawana ufunguo. Misheni iliyokuja na Zaburi iliwataka waumini waache ngoma, na ngoma Ukambani ilikuwa na nyimbo ndani yake: nyimbo za kejeli, za sifa, za kazi, za kilumi ambako akina mama wazima walipiga ngoma mvua ikikawia. Aliyebatizwa aliambiwa avue yote mlangoni. Akaingia akapewa kitabu kilichojaa ngoma, vinubi, matari na vilio vya kuomba mvua, akakisoma kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya shamba.

Nakiri kwamba shule zilijengwa, hospitali zikajengwa, na bila tahajia ya misheni Mbiti asingekuwa na kalamu. Lakini hesabu hiyo haifuti ile nyingine. Tulipewa mashairi na tukanyang'anywa masikio kwa wakati mmoja.

Mbiti mwenyewe alitumia maisha kuyarudisha masikio hayo. Alikusanya ngewa za Akamba zipatazo 1,500, akachapisha sehemu yake mwaka 1966 katika Akamba Stories. Kabla yake Mswidi Gerhard Lindblom, aliyekuwa Ukambani mwaka 1911 na 1912, alikuwa ameandika ngewa, vitendawili na nyimbo. Lakini Mbiti alizisikia kama mtu aliyelelewa nazo. Uzeeni, akiishi Uswisi, alilitafsiri Agano Jipya lote kutoka Kigiriki moja kwa moja hadi Kikamba. Kenya Literature Bureau ilichapisha kazi hiyo mwaka 2014. Alifariki Oktoba 2019.

Susu wa Suleimani

Sasa nirudi kwa mzee, maana nilikuwa na deni.

Jibu la kwanza ni kwamba sehemu ya Nthimo haikutoka kwa susu yeyote. Mwaka 1923 Wallis Budge wa British Museum alichapisha mafunjo ya Kimisri yenye mafundisho ya Amenemope, mwandishi wa serikali, yaliyogawanywa katika sura 30. Mwaka uliofuata Adolf Erman, mtaalamu wa Kimisri kule Berlin, akaonyesha kwamba yanafanana mno na sehemu ya Mithali inayoanza sura ya 22 mstari wa 17. Hekima ile ilitoka shuleni kwa makarani wa Misri, ikavuka mpaka, ikavaa Kiebrania.

Jibu la pili linamhusu mzee zaidi. Wataalamu wengi walidhani kwamba hata methali zilizobaki ni za ikulu, kwa kuwa zinamtaja mfalme mara kwa mara. Mjerumani Friedemann Golka akalipinga wazo hilo katika kitabu cha mwaka 1993 ambacho jina lake lilimtaja chui na madoa yake. Silaha yake zilikuwa methali za Afrika. Wanakijiji wetu wana methali tele juu ya machifu na wafalme, wala hawakuwahi kulala ikulu. Mkulima humtazama mkubwa kutoka shambani, akamtolea kauli. Kwa nini mkulima wa Yuda asingefanya hivyo? Kwa maneno ya Kabati: ndiyo, susu alikuwapo, na Suleimani au waliotumia jina lake walimsikia.

Kuna jibu la tatu, ambalo Biblia yenyewe inalitoa na tunalipita mbio. Mithali sura ya 25 inaanza kwa kueleza kwamba mkusanyiko unaofuata ulinakiliwa na watu wa Hezekia, mfalme wa Yuda. Hezekia alitawala zaidi ya miaka 200 baada ya Suleimani. Hatukuachiwa majina ya makarani hao. Tunachojua ni kazi yao: walisikia au walikuta kauli zilizokuwa zinaelea, wakaketi, wakaziandika. Bila wao sura za 25 hadi 29 zisingemfikia yeyote.

Nikiunganisha mambo haya, naona njia nzima ina watu wa aina moja. Karani wa Hezekia. Kasisi wa Uhabeshi aliyeinamia Yubile. Mjukuu wa bin Sira. Hata Krapf ni wa kundi hilo: alipeleka Tübingen miswada ya Gezi, na mwaka 1854 akawakabidhi wataalamu wa Mashariki wa Ujerumani mswada wa Chuo cha Herkal, utenzi wa kidini ulioandikwa Pate mwaka 1728 ambao wengi wetu tunauita Utenzi wa Tambuka. Mkono uliobeba kitabu cha Kiyahudi kilichopoteza Kiebrania chake ndio uliobeba ushairi wetu wa kale. Na Mbiti, mtoto wa Mulango, ni wa kundi hilo.

Nilimrudia mzee siku ya tatu, benchi lilelile. Nilimweleza habari za Amenemope, za Golka na za watu wa Hezekia. Alisikiliza hadi mwisho, kitabu kimefungwa, kidole kikiwa ndani ya ukurasa.

"Kwa hiyo aliyeandika si aliyesema," akasema.

"Ndivyo, umau."

"Na susu hakuandikwa jina."

"Hakuandikwa."

Akafikiri kidogo. Kisha akanitajia nthimo nne, moja baada ya nyingine, alizozisikia kwa susu wake kabla ya Uhuru. Mbili nilikuwa sijawahi kuzisikia. Nilipotoa simu nirekodi alinizuia kwa kiganja. Alitaka niandike kwa mkono, polepole, nimsomee, anisahihishe. Nikaandika nyuma ya ramani yangu ya Krapf.

Mlima sikuuona siku zote tatu. Lakini nina neno kwa wanaosomea Biblia katika vyuo vyetu, kwa walimu wa shule za Jumapili na kwa yeyote mwenye bibi aliye hai, awe wa Kitui, Makueni au kwingine. Ukifika Mithali sura ya 25, soma mstari wa kwanza mara mbili, kisha chukua daftari. Watu wa Hezekia walimaliza zamu yao. Mbiti alimaliza yake. Hii ni yetu.